Injini ni Yangu, Bodi ni Yako

Pikapu ile ilikuwa na wenyewe watatu, na hilo peke yake lingetosha kumwotesha mtu mvi. Lau wangechanga fedha wakainunua pamoja, kama wafanyavyo watu wenye akili zao, pasingekuwa na la kusimulia. Wao waliinunua vipande vipande. Kaka mkubwa alinunua bodi kwa muuza vyuma chakavu: bodi tupu, milango imeota kutu, taa za duara zimetoka mbele kama macho ya mtu aliyeshikwa uongo. Dada yake akanunua injini, pamoja na giaboksi iliyokuja imefungwa humo humo. Shemeji yao, aliyemwoa mdogo wao wa mwisho, akanunua matairi manne na betri. Fundi akaviunganisha, gari likawaka, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo kila mmoja akawa anajua kilicho chake. Hiyo ni miaka minane iliyopita.

Waliipa jina la Bi Mkubwa, kwa sababu ya umri na kwa sababu haikuwaka kabla ya kubembelezwa. Jumanne na Ijumaa zilikuwa za dada, Jumatano ya shemeji, siku zilizobaki za kaka. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo hiki kilikwenda mrama mara kwa mara. Mwaka mmoja shemeji alinuniwa kwenye hafla ya familia, kesho yake akaja na jeki, akafungua matairi yake yote manne na kuyasukuma hadi kwake moja moja, Bi Mkubwa akabaki juu ya matofali. Ilibidi abembelezwe siku tatu. Mwenye bodi hawezi kuibeba bodi, wala mwenye injini hawezi kuitia injini kwapani, lakini mwenye matairi anaweza kukasirika wakati wowote.

Huyo dada alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Mama Sponji. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na vumbi la sponji lilimfuata hadi mezani. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, kidole gumba kigumu kwa kusukuma sindano, na tabia moja iliyowadanganya watu: alipokuwa kazini alijaza misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja na kuigongomea. Mteja akianza maneno ya kipuuzi, Mama Sponji huongeza misumari. Watu walidhani ni mpole. Kaka yake naye walimwita Mwenyekiti, maana hakuna jambo alilolizungumza bila kwanza kutangaza ajenda, hata kama ni nani kaacha bomba la maji wazi.

Basi Bi Mkubwa akaanza kutoa moshi. Mwanzoni ulikuwa uzi tu wa buluu nyuma ya bomba, kisha ukawa wingu, mpaka majirani wakawa wanafunga madirisha wakimsikia akikohoa kwenye kona. Oili iliyotosha mwezi ikawa ya wiki. Mwenyekiti akaitisha kikao gerejini, wakakalia ndoo na rimu kuukuu. Ajenda, alisema, ni afya ya injini. Yeye ameshafanya utafiti. Ipo injini ya dizeli iliyotolewa kwenye gari dogo la abiria lililopata ajali. Ina nguvu, haili mafuta, na mwenyewe yuko tayari kuiacha ijaribiwe, ikikubali ndipo alipwe. Gharama yote ataibeba yeye Mwenyekiti, kwa faida ya familia. Shemeji akaunga mkono papo hapo, kwa kuwa shemeji huunga mkono yeyote aliyezungumza mwisho.

Mama Sponji aliuliza swali moja tu: yake je?

Akajibiwa kwamba yake ipo, hakuna atakayeila. Aliposema kwamba injini ikitoka kwenye gari basi na yeye katoka kwenye gari, Mwenyekiti alicheka, akamkumbusha kwamba kiti cha Bi Mkubwa alikishona yeye kwa mkono wake, kwa hiyo atabaki na kiti. Wakacheka wote, hata fundi. Yeye hakucheka, na hapo hakuwa na misumari ya kujaza mdomoni.

Tusizungushe maneno: kilichomuuma si chuma. Baba yao alipofariki, nyumba ilikwenda kwa kaka, kwa sababu kaka ndiye wa kubeba jina, na yeye akaambiwa ataolewa apate kwake. Akaolewa, kumbe kwake ni kwa mumewe. Ile injini aliinunua kwa fedha ya makochi kumi na moja, na ndicho kitu cha kwanza katika ukoo wake ambacho watu walikiri hadharani kwamba ni chake. Kikitoka, Jumanne na Ijumaa zitakuwa hisani. Leo ataambiwa chukua, kesho ataambiwa gari lina shughuli, na mwaka ukigeuka atarudi kubembeleza wasukuma mikokoteni. Alimweleza mumewe haya yote asubuhi. Mumewe, mpishi wa shule na mtu mwema sana, alisema hayo ni mambo ya kwenu, akaendelea kupiga kiatu rangi.

Kuanzia hapo kila mtu akawa bingwa wa injini. Kinyozi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alimwambia petroli imepitwa na wakati. Muuza dawa alimshika mkono akamnong'oneza kwamba dizeli hutingisha bodi kuukuu mpaka milango inadondoka. Mama Sponji alikwenda gerejini aseme na mtu anayejua. Fundi huyo waliyemwita Fundi Subiri alipima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine, akamwonyesha kwamba tatu ni nzima na ya nne imechoka. Ikiwekewa pistoni na ringi mpya itapona? Itapona. Na hiyo dizeli itaingia? Itaingia. Sasa lililo bora ni lipi?

"Subiri kidogo, mama," fundi akasema, akaingia chini ya gari jingine.

Alisubiri siku tisa. Siku ya kumi, Alhamisi, alitoka kwenda kupima viti vya kungojea vya daktari wa meno. Aliporudi alikuta mlango wa karakana wazi, na katikati ya sakafu, pale alipokuwa ametandika velveti ya kijani akisubiri kuikata, imekaa injini. Ilikuwa imetulia juu ya velveti, na oili ilikuwa imeshafika kwenye ukingo wa kitambaa inatafuta njia ya kwenda kwenye sponji. Mumewe alikuwa amesimama kando akiwa na kitambaa cha kupangusia vyombo mkononi. Akasema walikuja wanaume wanne, wakamwambia ni mali ya mkewe, yeye angesema nini.

Mama Sponji alimpigia simu kaka yake huku akiiangalia velveti. Mwenyekiti alizungumza kwa sauti ya mtu aliyetenda wema. Alisema wamemheshimu, wangeweza kuiacha gerejini ipigwe mvua, lakini yeye akasema hapana, mali ya mtu apelekewe mwenyewe. Alisubiri hata kushukuriwa. Dada yake alikata simu, kwa kuwa alilokuwa nalo mdomoni halisemwi kwa mkubwa.

Kesho yake ndipo alipokumbuka giaboksi. Alikwenda gerejini na mkokoteni mzima na wasukumaji wawili, akaomba chake. Mwenyekiti akasema giaboksi imo chini ya bodi, na kilicho chini ya bodi ni cha bodi. Yeye akasema ilikuja imefungwa kwenye injini, na kilichofungwa kwenye injini ni cha injini. Shemeji aliunga mkono huku, kisha akaunga mkono kule. Wakamgeukia Fundi Subiri, ambaye ndiye aliyeviunganisha vyote miaka minane nyuma. Fundi alipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo, akakiri kwamba kweli, vilikuja pamoja. Ikafunguliwa, ikapakiwa, ikaondoka. Dizeli ya watu ikabaki imening'inia kwenye cheni, haina pa kushikana, na Bi Mkubwa akabaki na boneti wazi.

Hapo sasa wote wakaanza kuumia, na wala hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba anaumia. Mwenyekiti alikodi gari la watu kupeleka mchanga na matofali ya wateja wake, akasema ni mabadiliko ya muda. Shemeji alikuja kuyaangalia matairi yake kila jioni. Mama Sponji alipeleka kochi la watu watatu kwa mwalimu mmoja, kitambaa rangi ya maziwa, kazi ya wiki mbili. Kwenye mteremko mkokoteni uliwaponyoka wasukumaji, na kochi likatumbukia mtaroni kifudifudi. Alilirudisha, akalivua, akalishona upya bila kumdai mwalimu hata sindano. Wakati wote huo injini ilikuwa ubavuni mwake. Kila akivuta kitambaa anaigonga kiwiko. Kila mteja akiingia anauliza hiki nini, na yeye amechoka kueleza.

Siku aliyomaliza kulishona kochi lile kwa mara ya pili, alitema misumari yote kwenye kiganja, akafunga mlango, akaenda gerejini. Alimkuta Fundi Subiri anakula. Akakaa kwenye ndoo mbele yake, akamwambia leo hasubiri. Amweleze kama angekuwa anamweleza dada yake wa tumbo moja.

Fundi aliweka chakula pembeni. "Mama, tia dizeli," alisema. "Ile yako nitaitengeneza, na itawaka, na utafurahi mwezi mmoja. Halafu utarudi, nikutafutie vipuri ambavyo havitengenezwi tena. Mimi nitakula, wewe utalia."

"Kwa nini hukusema siku zote?"

"Ungesema nimetumwa na kaka yako."

Na ni kweli, angesema hivyo. Alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, amekasirika kuliko siku zote, na safari hii hasira haikuwa na mtu wa kubandikwa. Kaka yake alikuwa na haki kuhusu dizeli. Wiki tano nzima amekaa na chuma sakafuni akilinda jambo ambalo si la chuma, velveti imekwenda, kochi limekwenda mtaroni, na yule mpuuzi alikuwa na haki. Aliketi juu ya injini yake, kwa kuwa ndiyo ilikuwa karibu, akafikiri mpaka mumewe akaja kuuliza kama watakula. Alipoinuka alikuwa ameamua. Dizeli itaingia. Ila ataitia yeye, iwe yake, na hii kuukuu ataiuza.

Mnunuzi alipatikana bila taabu. Alikuwa mzee mmoja mstaafu wa upimaji ardhi, mwenye pikapu ya umri ule ule, aliyetaka iwe kama ilivyotoka kiwandani hadi skrubu ya mwisho. Watu wa namna hiyo wapo, na wake zao wanajua wanavyowachosha. Mzee alipiga magoti karakanani, akatema mate kwenye leso, akasugua ubavu wa injini mpaka namba zikajitokeza. Alizisoma kwa sauti kwa furaha. Kisha akainua uso akauliza karatasi.

Mama Sponji alitoa nakala ya kadi ya gari kutoka kwenye bati la vifungo. Siku zote alijua kwamba kadi imeandikwa jina la kaka, maana kaka ndiye aliyekwenda kulisajili, na mtu mmoja ndiye anayekwenda. Jambo ambalo hakuwahi kulitazama ni ule mstari wa chini. Namba zile zile za ubavuni zilikuwa zimeandikwa pale: namba ya injini. Na mmiliki ni mmoja.

Mzee alivua miwani, akasema kwa adabu kwamba yeye hana shaka naye hata kidogo, lakini kwa karatasi hii injini ni ya huyu bwana. Angehitaji fomu ya kubadili injini, yenye sahihi ya huyu bwana. Mali bila daftari huisha bila habari, na Mama Sponji aliyewaambia wateja wake hivyo kila mara, akiwaandikia risiti hata ya kifungo kimoja, alisimama na kadi mkononi akajiona mjinga wa wajinga. Miaka minane alikuwa anagombea kitu ambacho serikali haijui kama aliwahi kukigusa.

Alikwenda ofisi ya usajili wa magari mwenyewe, akachukua fomu, akasoma kila mstari akiwa amesimama. Kisha akaenda kwa kaka yake, kwenye nyumba ile ya baba. Sebuleni kulikuwa na makochi aliyoyashona yeye, na mpaka leo Mwenyekiti hajavua plastiki, anasema yanatunzwa. Wifi yake alimkaribisha, akaona uso wake, akaenda kukaa kwenye kiti cha mbali karibu na mlango. Mwenyekiti aliwasha feni na kuuliza kama mdogo wake amekuja na ajenda.

Alisema anayo. Dizeli ni sawa, fundi amemweleza, na kaka aliona vizuri kabla ya wengine. Hilo lilimgharimu kulisema, na Mwenyekiti alilipokea kama ada. Kisha akasema dizeli hiyo atainunua yeye kwa fedha ya ile ya zamani, giaboksi ataitoa irudi, na kaka atie sahihi hapa. Na hapa, kwenye wamiliki, pana nafasi ya majina zaidi ya moja.

Mwenyekiti aliisoma fomu kwa mkono ulionyooshwa, macho yake yakiwa hayataki miwani. Alipofika kwenye wamiliki aliirudisha mezani taratibu.

"Mdogo wangu," akasema, "haya ya majina ya nini? Mimi ni kaka yako. Jina langu ni jina lako."

Alilisema kwa upendo, hilo ndilo lililokuwa gumu. Aliliamini kabisa. Alikuwa ameliamini tangu nyumba hii ilipoandikwa kwake, na hakuna siku hata moja aliyomfukuza mtu humu ndani au kumnyima sahani. Mama Sponji alihisi machozi ya hasira yanamjia, na akakasirika zaidi kwa sababu yatachukuliwa kuwa ya huzuni.

"Kama jina lako ni langu," alisema, "basi andika langu. Kwako si mamoja?"

Mwenyekiti alimtazama mkewe kule mlangoni, na mkewe alikuwa analikunja na kulikunjua pindo la nguo yake, hamsaidii. Mwishowe akasema jambo kama hili si la mtu mmoja, linahitaji kikao.

"Tumeshakaa," dada yake akajibu.

Plastiki ya kochi ilitoa mlio alipoinama kuchukua kalamu. Alitia sahihi kwanza, haraka, kama anayemeza dawa. Kisha kwenye wamiliki akaandika jina lake kamili kwa herufi kubwa, na chini yake akaanza la dada yake. Aliandika la kwanza, lile aliloitwa kabla ya sponji, ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalitamka kwa miaka. Kalamu ikasimama. Aliuliza bila kuinua macho, kwa sauti ndogo ambayo dada yake hakuizoea, hapa mbele aandike lipi, la mumewe?

"La baba," Mama Sponji akasema. "Hilo ndilo lako na langu."

Akaliandika. Kwenye karatasi ile jina la baba yao likawa mara mbili, moja chini ya jingine, na Mwenyekiti aliyaangalia yote mawili kwa muda kabla ya kumpa fomu yake.